Ngumi za Lau: Uhakiki wa Mapambano Yasiyowahi Kupigwa

Kuna aina moja ya hadithi ambayo sijapata kuiona ikihakikiwa katika jarida lolote la fasihi, ingawa husimuliwa kila jioni. Pita Saza makarasha yakishazimwa na vumbi limetulia, sogea penye benchi la kahawa au kwa kinyozi, utaikuta. Mmoja anatupa tu neno: "Hivi Ali na Tyson wangekutana, nani angebaki amesimama?" Basi, kazi imeisha. Kahawa itapoa, ndevu zitanyolewa upande mmoja, watu watabishana mpaka usiku. Hadithi hiyo ninaiita ngumi za lau.

Msomaji, najua utauliza ngumi zinahusiana nini na fasihi. Zinahusiana sana. Wataalamu wetu wa fasihi simulizi wana utanzu wanaouita mazungumzo, na humo wameweka hotuba, soga, ulumbi na malumbano ya watani. Ngumi za lau zina soga ndani yake, zina malumbano, na zina majigambo pia, maana Ali mwenyewe alikuwa mtu wa majigambo: alitangaza kabla ya pambano raundi atakayomwangusha mwenzake, tena kwa vina. Zina fanani na hadhira, ila hapa hadhira haikai kimya kusubiri paukwa. Inamnyang'anya fanani hadithi katikati na kuimalizia inavyotaka. Kama ni hadithi, basi na ihukumiwe kama hadithi nyingine. Ipo iliyosukwa, na ipo iliyolipuliwa tu.

Na sisi wa Saza tuna haki ya kuhukumu, kwa sababu huku watu wanaishi kwa lau. Lau tungeongeza hatua mbili kwenye duara lile. Lau mawe yale tungeyasaga wenyewe badala ya kuyauza. Mgodi wa zamani wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956, na mazungumzo ya dhahabu huku hayakosi lau moja inayouhusu. Mtu aliyelelewa katika mazungumzo ya namna hii akiletewa lau ya ovyo anaijua upesi, kama anavyojua jiwe tupu kwa kulipima mkononi.

Tuanze na sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linaweza kuwa, na -ngali- ni ya jambo ambalo ndiyo basi tena. Kijiweni -ngali- haipo. Kila kitu ni -nge-. "Frazier angemchosha Tyson." "Foreman angemvunja mtu mbavu." Marciano alifariki 1969, Frazier 2011, Ali 2016, Foreman 2025, lakini kwa kiambishi kimoja wote wanarudi ulingoni wakiwa wametoka jasho. Huo ndio utamu wa hadithi hizi, wala siupingi. Lakini mhakiki kazi yake ni kuirudisha -ngali- mahali pake na kuuliza: mlango huu ulifungwa lini, na nani aliufunga? Ninaona kwamba lau inayoweza kujibu swali hilo ni hadithi nzuri. Isiyoweza ni kelele.

Kosa la kwanza la wasimulizi wengi ni hoja ya mnyororo. Fulani alimpiga fulani, fulani akampiga fulani, kwa hiyo wa kwanza anampiga wa mwisho. Ukiisikiliza haraka inaonekana ni hesabu safi. Haya, tuipime kwa pambano ambalo lilipigwa kweli, hapa hapa Afrika.

Tarehe 8 Machi 1971 Joe Frazier alimpiga Ali kwa pointi. Tarehe 22 Januari 1973, huko Kingston, Jamaika, George Foreman akamwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili tu. Mwezi Machi mwaka huo huo Ken Norton akamvunja Ali taya na kumshinda. Mwaka uliofuata, Machi 1974, Foreman akammaliza Norton naye katika raundi ya pili. Sasa funga mnyororo wako. Foreman amewatafuna wawili waliomshinda Ali, na wote hawakumaliza raundi mbili. Ana mapambano 40 na hajapoteza hata moja, na kati ya hayo 37 alimaliza kwa KO. Ana miaka 25, mwenzake ana 32. Kwa hesabu ya kijiweni Ali asingetoka mzima Kinshasa.

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, Ali aliegemea kamba, akajikunja, akamwacha mwenzake apige mpaka achoke. Joto lilikuwa kali, uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele amuue, na Foreman hakuwa amezoea kuvuka raundi ya nne. Katika raundi ya nane Ali akamlaza. Mnyororo ulikatika mbele ya macho ya dunia. Ulikatika kwa sababu mabondia si mawe ya mizani. Kila pambano lina mtindo wake na hewa yake, na hofu anayokuwa nayo mtu akikutana na fulani siyo aliyo nayo akikutana na mwingine.

Wapo wanaoutumia mnyororo huo hata leo kupitia kwa Trevor Berbick. Ali alipigana pambano lake la mwisho na Berbick, Nassau, Desemba 1981, akashindwa kwa pointi. Tyson akampiga Berbick huyo huyo katika raundi ya pili, Novemba 1986, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. "Umeona sasa?" anasema mshikaji, amekunja mikono. Nimeona nini, bwana? Nimeona mtu wa karibu miaka 40, mwili umechoka, anapigana na kijana. Hiyo haituambii lolote kuhusu Ali wa 1966.

Na hapo ndipo penye kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi kwa sababu ni kosa la kifasihi hasa. Ukiuliza "Ali yupi?" kijiwe kizima kinakutazama kama umechanganyikiwa. Ali ni Ali! Thubutu. Ali wanayemsimulia ana miguu ya 1966, alipomzungusha Cleveland Williams kama mtoto, ana akili ya Kinshasa ya 1974, ana moyo wa Manila ya 1975, na ana mdomo wa 1964. Mtu huyo hajawahi kupanda ulingoni hata siku moja. Ni mhusika wa viraka, ameshonwa kwa siku nzuri tupu za mtu mmoja. Tyson naye vivyo hivyo: kila mara ni yule wa 1986 hadi 1988, na hakuna anayemleta yule aliyelala chini Tokyo, Februari 1990, akitafuta kinga ya meno kwa mkono uliovaa glovu.

Nasema ni kosa la kifasihi kwa sababu vijana wengi tunaoandika hadithi fupi tunalifanya kila siku. Shujaa wetu ana nguvu za kijana na busara za mzee. Ana huruma ya mama na ngumi za jambazi, hakosei, hachoki, haumwi malaria. Kisha tunashangaa msomaji hamwamini. Mhusika huaminika akiwa na tarehe. Ukishasema "Ali wa Novemba 1966" umempa umri, umempa pumzi, umempa na mambo asiyoyajua bado.

Na ukishaweka tarehe, linajitokeza shimo ambalo hadithi za kijiweni hulirukia. Mwezi Aprili 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam. Akavuliwa ubingwa, akanyimwa leseni, na hakupigana tena hadi tarehe 26 Oktoba 1970. Aliondoka ana miaka 25, akarudi ana 28. Miaka ambayo bondia huwa kileleni ilipotea akiwa anakwenda mahakamani na kutoa hotuba vyuoni. Kwa hiyo lau iliyo bora kuliko zote za Ali, kwa maoni yangu, haina Tyson wala Marciano. Ni Ali wa 1969, asiyekuwapo, dhidi ya Frazier. Lau hii ina sababu. Tunajua ni nani aliyefunga mlango na kwa nini, na tunajua kwamba mwenye mwili aliukubali mlango ufungwe. Ukiisimulia vizuri unakuwa umesimulia Vietnam, dini yake na dhamiri yake bila hata kuhubiri.

Lau nyingine ya namna hiyo ni ya Teófilo Stevenson, Mkuba. Huyu alichukua dhahabu ya uzito wa juu katika Olimpiki tatu mfululizo: Munich 1972, Montreal 1976 na Moscow 1980. Kuba ilikuwa imepiga marufuku ngumi za kulipwa tangu 1962. Mapromota wakaja na mamilioni ya dola, akayakataa, akabaki kwao. Habari za kumpambanisha na Ali zilizungumzwa miaka ya 1970, lakini hawakukutana ulingoni.

Hapa msimulizi mvivu anakimbilia swali la nani angeshinda. Msimulizi makini anauliza kwanza: kwa sheria za nani? Stevenson alikuwa mpiganaji wa raundi tatu za dakika tatu tatu. Bingwa wa kulipwa wa wakati ule alikuwa anajiandaa kwa raundi 15. Mpe Stevenson raundi tatu, mkono wake wa kulia unaweza kumaliza habari kabla Ali hajaanza hata kucheza. Mpe Ali raundi 15, Mkuba ataingia nchi asiyoijua. Ukichagua idadi ya raundi umeshachagua mshindi. Waandishi tunafanya hivyo mara nyingi bila kusema: tunatunga sheria za ulimwengu wa hadithi ili mtu wetu ashinde, halafu tunajifanya ameshinda mwenyewe.

Wapenzi wa riadha watakumbuka kwamba na sisi Watanzania tunayo lau ya aina hii, nje ya ulingo. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, Filbert Bayi alishika usukani tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye alikuwa amevunja rekodi ya zamani. Dunia ikasubiri warudiane Montreal 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mbele, zikasusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Walker akachukua dhahabu. "Bayi angekuwepo!" tunasema. Sawa, lakini lau ya kweli haina budi kutaja pia kwamba mwaka ule Bayi aliuguzwa na malaria. Ukiitoa malaria ili hadithi ipendeze, umemfanya Bayi mhusika wa viraka kama wale wengine. Ukiiacha, hadithi inakuwa nzito zaidi: mtu aliyenyang'anywa hata nafasi ya kushindwa.

Sasa nije kwenye lau mbaya, maana si zote ni burudani. Zipo zinazotungwa ili kulipiza kisasi.

Mwaka 1908 Jack Johnson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Wazungu wengi wa Marekani hawakuvumilia. Wakaanza kusimulia lau: Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyestaafu bila kushindwa, lau angerudi, angemtia adabu huyu. Waliisimulia mpaka Jeffries mwenyewe akashawishika, akapunguza unene, akarudi. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Johnson alimpiga mpaka pambano likasimamishwa raundi ya 15. Hadithi iligongana na ukweli, na ukweli ukashinda. Usiku ule ghasia zikazuka katika miji mingi, watu wakauawa, wengi wao weusi, kosa lao kushangilia. Mwaka 1912 Marekani ikatunga sheria ya kuzuia filamu za ngumi zisisafirishwe toka jimbo hadi jimbo. Yaani hata picha ya kushindwa kule ilikuwa haivumiliki.

Sasa tazama. Mwaka 1967 mtangazaji mmoja wa Marekani, Murray Woroner, aliandaa kwa redio mashindano ya kubuni ya mabingwa wa uzito wa juu wa nyakati zote. Waliulizwa wajuzi wa ngumi, majibu yao yakaingizwa katika kompyuta, kompyuta ikatoa matokeo, na mtangazaji akayatangaza kana kwamba yanatokea ulingoni. Ali alitolewa. Na nani? Jim Jeffries! Yule yule. Miaka 57 baada ya Reno, mashine ilimpa Jeffries ushindi dhidi ya bingwa mweusi mwenye mdomo, tena mwaka ule ule bingwa huyo alipovuliwa mkanda. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Ninasema kompyuta ilisaga ilicholishwa, na kilichoingia ni fikra za watu. Karasha nalo haliongezi dhahabu kwenye jiwe.

Ali alikasirika, akafungua madai ya dola milioni moja. Yakaisha kwa makubaliano kwamba acheze filamu. Mwaka 1969 yeye na Rocky Marciano, ambao wote walikuwa hawajapoteza pambano lolote la kulipwa, wakaingia ulingoni Miami mbele ya kamera. Marciano alikuwa na miaka 45, alistaafu tangu 1956, akapunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Walicheza raundi fupi nyingi, wakipigana nusu kwa kweli na nusu kwa kuigiza, na miisho zaidi ya mmoja ikapigwa picha. Wenyewe hawakuambiwa nani mshindi. Marciano alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969 bila kuujua mwisho wa hadithi yake. Januari 1970 majumba ya sinema ya Marekani yakaonyesha Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13.

Kama kazi ya sanaa, ninaipa filamu ile alama za chini, na sababu yangu si kwamba Ali alishindwa. Hadithi ambayo miisho yake imekaa kwenye kopo ikingoja kuchaguliwa imeacha kuwa hadithi, imekuwa bidhaa. Mwisho mzuri hutoka tumboni mwa hadithi. Huu ulichukuliwa dukani.

Lau ya pili ya hatari ni ile inayotungwa na mwenye mabavu. Na hii ilitugusa sisi hasa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo la Kagera kaskazini ya mto, yakaua, yakapora na kuswaga mifugo, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa juu ya uwezo, sababu na nia. Mwezi ule ule Amin, aliyekuwa bingwa wa ngumi nchini Uganda zamani zile akiwa askari, akatoa pendekezo: yeye na Nyerere wapande ulingoni, wamalize wawili, askari wasife. Na kwa kuwa Nyerere ni mdogo wa mwili na ana mvi, Amin alisema atapigana mkono mmoja umefungwa na miguu ina uzito. Refa awe Muhammad Ali.

Watu walicheka, na wengine wanacheka mpaka leo. Lakini tuisome kama wahakiki. Kwa juu ni lau iliyotimia kabisa. Ina wahusika wawili wasiolingana, ina refa maarufu, na ina wazo ambalo kila mzee wa Kiswahili analijua, kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Basi tembo wapigane peke yao, nyasi zipone! Ni nani angepinga? Hata kitabu cha Samweli kina pendekezo kama hilo, na huko anayelitoa ni Goliathi.

Ila jaribu kuiuliza lau hii swali langu: nini kilizuia? Jibu linaivua nguo. Nyasi za Kagera zilikuwa zimeshakanyagwa. Aliyeleta habari za ulingo ndiye aliyeleta vifaru, na alizungumza juu ya kuokoa askari baada ya raia kuchinjwa. Tena nchi si mkanda wa ubingwa, hata mtu mmoja aubebe kiunoni na mwingine aushinde. Nyerere hakukubali kuwa mhusika katika hadithi ya Amin. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na vita vile vilitugharimu watu na uchumi kwa miaka mingi. Lakini yule anayesema kijiweni "si bora wangepigana wao wawili tu" amesahau kwamba Amin alikuwa ameshapiga kabla kengele haijalia.

Na kuna mwisho ambao mtunzi wa riwaya angeogopa kuuandika, asije akaambiwa ameutia chumvi. Februari 1980 yule refa aliyependekezwa alifika Dar es Salaam. Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali azunguke Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere akakataa kumpokea. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali: mbona Afrika iliposusia Montreal 1976 kwa ajili ya makaburu, Marekani haikutuunga mkono? Ali hakuwa na habari za mgomo ule. Mtu aliyepoteza ubingwa kwa kukataa kutumwa na serikali yake, leo ametumwa na serikali yake, na waliomtuma hawakumweleza historia. Tanzania ilikwenda Moscow, ikarudi na fedha mbili, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui. Stevenson naye alichukua huko dhahabu yake ya tatu. Ukitaka pambano la uzito wa juu lisilokuwa na glovu, lililopigwa katika ardhi hii, ndilo hilo, na Ali alilipoteza kwa pointi.

Jambo la mwisho ni mwili. Katika ngumi za lau hakuna anayeumia. Marciano na Ali wanapigana raundi 15, kahawa inaisha, kila mtu anakwenda kulala. Huo ni uzuri wake, lakini pia ndipo uongo wake ulipo. Miezi minane baada ya kutoka Dar es Salaam, tarehe 2 Oktoba 1980, Ali, ambaye alikuwa ameshastaafu, alipanda ulingoni na Larry Holmes mjini Las Vegas. Watu walikuwa na lau yao: lau mzee mzima atarudisha miguu yake ya zamani! Hakuirudisha. Alipigwa raundi 10, hajibu, mpaka mkufunzi wake Angelo Dundee akasimamisha. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na dunia ikamwona akitetemeka mpaka mwisho. Pambano la Holmes lilikuwa lau ambayo ilipaswa ibaki lau. Kuna watu walilipia tiketi ili wasilazimike kuifikiria tu, na mwenye mwili akalipa kilichobaki.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ngumi za lau ni utanzu hai, zisidharauliwe, lakini ziwekewe masharti. Taja tarehe ya kila bondia. Taja sheria na raundi. Sema ni nini kilichozuia wasikutane, na uulize nani ananufaika na mshindi unayemchagua. Na usiisahau miili ya watu, hata ya waliokwisha kufa.

Kisha tuache kuazima mabondia wa watu kila siku. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya uzito wa kati, akachukua medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh wa Uingereza. Conteh akaingia ngumi za kulipwa, na Oktoba 1974, wiki chache kabla ya Kinshasa, akawa bingwa wa dunia wa uzito unaofuata chini ya uzito wa juu. Simba tunamjua kwa mstari mmoja tu katika orodha ya medali. Hao si uzito wa juu, lakini lau ndiyo hiyo: Simba angerudiana na Conteh 1974, mafunzo sawa, chakula sawa, promota sawa. Sijasikia mtu akibishana juu ya hilo hata siku moja, Saza wala Tunduma. Atakayeiandika asianze na mshindi. Aanze kwa kwenda kuwauliza wazee waliomwona Simba akipigana: alisimamaje, mkono upi ulikuwa mzito, alipenda kuanza au kungoja. Wazee hao hawatakuwepo milele, na majibu yao hayapo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.